Kicheko cha Kuazima

Ubishi wa filamu haujawahi kumshibisha mtu, lakini Fundi na Stelingi waliula tangu ujana wao na hawakukonda. Fundi alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa suti na suruali, mtu wa maneno machache mpaka umguse kwenye filamu. Stelingi alikuwa mpiga rangi wa magari kwenye gereji iliyotazamana na duka la Fundi. Jina lake la kuzaliwa lilitumiwa na mama yake mzazi na watu wa benki tu. Wengine wote walimwita Stelingi, kwa sababu kila filamu aliyoiona alijitia ndiye yule mtu wa mbele, ambaye risasi humkwepa na wabaya humngoja amalize kuongea. Ukimwambia kuna filamu ambayo stelingi anauawa, alinuna kana kwamba umemtukania ukoo.

Kila mchana, kazi ikipoa, alivuka barabara na ovaroli yake yenye madoa ya kila rangi, akaambiwa asiegemee nguo za watu, akaegemea. Kisha wakaanza.

"Ile ya juzi mwisho wake mbovu," Fundi alisema siku moja, pini zikiwa mdomoni.

"Mbovu wapi? Wewe ulisinzia."

"Nilisinzia kwa sababu ni mbovu."

"Mtu anasinzia, halafu anatoa hukumu! Kama ungekuwa hakimu ungefunga mji mzima."

Mteja aliyekuja kupunguziwa suruali alikuwa amekaa pembeni akiwasikiliza mpaka akasahau suruali yenyewe. "Nyinyi mna kipaji," akasema, "cha kupoteza muda wa watu. Si mfungue podikasti, mtupotezee muda tukiwa majumbani kwetu?"

Alisema kwa utani akaenda zake. Wao hawakuuacha utani uende. Jumapili iliyofuata walifunga mlango wa duka, wakaazima kompyuta ya mpwa wa Fundi, na maikrofoni ya mtumba wakaifunga kwa lastiki ya suruali kwenye mgongo wa kiti. Duka lile, lilivyojaa makoti yaliyotundikwa kila upande, halikuwa na mwangwi hata kidogo. Sauti ilitoka nzito na ya karibu, kama ya mtu mliyekaa naye benchi moja.

"Wapendwa wasikilizaji popote mlipo," alianza Stelingi kwa sauti ya redioni.

"Wasikilizaji gani? Tuko wawili humu."

"Wewe huoni mbali ndiyo maana unashona suruali."

Podikasti wakaiita Ubishi wa Filamu, na wasikilizaji wakapatikana: wenzake Stelingi pale gereji, mke wa Fundi, yule mteja wa suruali, na watu wengine ambao hawakuwajua na ambao waliandika kuwa Fundi hajui filamu. Jambo hilo lilimfurahisha sana Stelingi.

Lakini msikilizaji mkubwa kuliko wote alikuwa mke wa Stelingi. Huyo alikuwa ng'ambo, akimtunza bibi kizee mmoja kwenye nyumba ya watu wenye nafasi. Nyumba yao wenyewe ilikuwa imefika kwenye lenta na kusimama hapo, wazi juu, ikinyeshewa. Kwenda kwake ng'ambo lilikuwa wazo la mume. Yeye mwenyewe alilia mpaka siku ya safari. Simu zilikuwa za haraka haraka, maana bibi kizee hakupenda kuachwa. Kwa hiyo alimsikiliza mumewe kwenye podikasti, akipiga pasi, kisha akatuma ujumbe wa sauti.

"Shemeji Fundi," aliwahi kusema, "huyo mume wangu akiwa na wewe anaongea saa nzima. Mimi ananiambia 'mzima, nawe?' basi. Endeleeni, nami nipate kumsikia."

Sasa, kazi ya kuhariri ilikuwa ya Fundi, na hapa ndipo pa kumwelewa. Fundi alikuwa na ugonjwa wa mafundi wazuri: hakuvumilia mshono unaoonekana. Koti likitoka mikononi mwake ungeligeuza nje ndani usijue uzi ulipoanzia. Alipoona kwenye kompyuta kwamba sauti nayo inakatika na kuunganishwa, alifurahi kama mtoto aliyepewa mkasi. Akaondoa kila "aah" na kila "yaani, yaani." Akaondoa kiti kinacholia, honi za nje, koo zinazosafishwa. Mwaka ule wa kwanza mtu angesikiliza kipindi kizima asijue kwamba wale wawili walikuwa binadamu wanaopiga chafya.

Kikohozi cha Stelingi alikikata hivyo hivyo, pamoja na uchafu mwingine. Kilikuwa kidogo, cha mtu anayepuliza rangi. Wapiga rangi wote pale gereji walikohoa, na Stelingi kitambaa cha pua alikivaa shingoni, akisema kikimziba mdomo hawezi kubisha.

Kikohozi kikakua. Stelingi akaanza kupumzika katikati ya barabara aliyozoea kuivuka kwa hatua za haraka, akijifanya anatazama magari. Ovaroli ikambwaya. Fundi, ambaye macho yake yalikuwa yakipima watu bila kutaka, aliona mabega ya mwenzake yamepungua, akanyamaza. Hakutaka kuwa wa kwanza kulisema.

Ikaja Jumapili ambayo Stelingi alikaa kwenye kiti akaweka mkono juu ya maikrofoni.

"Usiwashe kwanza. Nimetoka kwa daktari."

"Anasemaje?"

"Anasema mapafu yamekwisha. Rangi. Dawa aliyonipa ni ya kunituliza, si ya kunitengeneza." Akatabasamu. "Nikamuuliza, daktari, stelingi anakufa kweli? Hakuelewa. Haangalii filamu yule."

Fundi alishindwa kucheka. Alishika kipande cha kitambaa akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Shemeji anajua?"

"Hajui na hatajua. Akijua atarudi kesho, na akirudi kabla ya mkataba kwisha wanamfungia mlango. Nyumba itabaki vile vile, na mimi nitakuwa nimekufa vile vile. Faida iko wapi? Wewe safisha sauti. Unaiweza kazi hiyo."

"Mwenzangu, mficha maradhi…"

"Kilio humuumbua. Najua. Wacha kiniumbue, siku hiyo nitakuwa sisikii."

Fundi akakubali. Kwa nini alikubali? Kwa sababu aliombwa na rafiki yake wa maisha, tena mgonjwa. Na kwa sababu, tuseme ukweli, ilikuwa kazi anayoiweza. Mtu akishindwa kumponya mwenzake hushika lolote lililo karibu na mkono, na lililokuwa karibu na mkono wa Fundi lilikuwa kukata na kuunga.

Wakaendelea kurekodi. Kipindi kimoja sasa kilikula Jumapili nzima. Stelingi alisema sentensi, akapumzika, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akanywa maji, akasema sentensi nyingine. Fundi alichukua sentensi hizo akazishona moja baada ya moja, na Stelingi aliyetoka upande wa pili alikuwa mzima wa afya, mbishi, mwenye pumzi za kutosha kumtukana mwongozaji wa filamu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mke wa Fundi alisikiliza kipindi kimojawapo jikoni, naye alikuwa amemwona Stelingi barabarani asubuhi ile ile. Aliizima simu.

"Hii dhambi," alisema.

"Ameniomba."

"Na mkewe je, amekuomba nini?"

 Fundi alienda dukani siku ambayo hakuwa na kazi.

Kitu kimoja tu kilimshinda: kicheko. Stelingi hakuweza tena kucheka. Kicheko kilipopanda kilikutana na kikohozi njiani, na kilichotoka hakikuwa cha kusikilizwa na mtu. Basi katika kipindi walichozungumzia filamu moja ya wezi wapumbavu waliovunja benki siku ya mapumziko, Fundi alitoa mzaha mzuri, na baada ya mzaha pakawa na kimya. Kimya kile kilimuudhi. Kilikaa kama tundu kwenye goti la suruali. Akarudi kwenye vipindi vya mwaka wa kwanza, akatafuta, akakipata kicheko kimoja cha Stelingi, kirefu, cha tumboni, kinachoishia na neno "wewe!" Akakikata akakishonea pale. Kilikaa sawasawa. Hakumwambia mtu.

Siku chache baadaye Stelingi alivuka barabara, polepole, simu mkononi. Alikaa kwanza mpaka pumzi zikarudi, kisha akamwekea Fundi ujumbe wa mkewe.

"Mume wangu," sauti ilisema, na nyuma yake pasi ilisikika ikifuka mvuke. "Nilikuwa na wasiwasi na wewe, sijui kwa nini. Nimeota ndoto mbaya. Mkataba unaisha, na nilikuwa nimeamua narudi, liwalo na liwe. Lakini nimesikiliza kipindi cha wale wezi. Umecheka, jamani! Umecheka kama zamani. Moyo wangu umetulia. Nimesaini mwaka mwingine, tuipaue nyumba, halafu nije nikae."

Stelingi alimtazama Fundi. "Kicheko gani? Mimi sikucheka."

Fundi alitazama chini.

"Nilikitoa kwenye kipindi cha zamani."

 Cherehani ilikuwa imesimama na koti la mtu katikati ya sindano. Stelingi alifungua mdomo mara mbili kabla ya kusema, na aliposema, sauti haikuwa na ubishi ndani yake.

"Basi kazi nzuri, Fundi. Hata mimi umenizidi."

"Alikuwa anarudi," Fundi alisema. "Umesikia? Alikuwa amekwisha amua. Mwambie leo. Mpigie hapa hapa."

"Nimwambie nini? Kwamba amesaini kwa sababu ya kicheko cha kuazima?"

"Mwambie unaumwa."

"Sikiliza." Stelingi alijivuta mbele. "Mimi ndiye niliyempeleka kule akilia. Nilimwahidi atakuta paa. Akija sasa atakuta nini? Fremu za madirisha na mume anayetema damu. Mimi nataka anikumbuke ninavyobisha, hivyo tu. Ukimwambia, wewe na mimi basi. Sitanii, Fundi. Basi."

Na Fundi alijua kwamba hatanii.

Wakarekodi tena Jumapili. Ilikuwa filamu ya kawaida, hata jina lake halina maana. Stelingi alikuwa na siku mbaya. Kikohozi kilimkata kila neno la nne, la tano, na mara moja alikaa kimya muda mrefu sana akivuta hewa kwa mlio mwembamba, mpaka Fundi akainuka kumshika. "Hiyo utaitoa," Stelingi alisema alipopata pumzi. Kisha akarudi nyumbani, akisindikizwa na mtu wa gereji.

Fundi alikaa mbele ya kompyuta, hedifoni masikioni, mlango umefungwa. Alikata kikohozi cha kwanza. Akakirudisha. Alisikiliza tena tangu mwanzo, safari hii bila kugusa kitu, na alilia kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari, kwa sababu alikuwa hajawahi kumsikiliza mwenzake. Alikuwa akitafuta pa kukata tu. Aliogopa kumpoteza Stelingi angali hai. Aliogopa zaidi kuwa ndiye aliyemzuia mke wa mtu kuja kumuaga mumewe. Wapo watakaosema alivunja siri ya mgonjwa. Waseme. Alikipeleka kipindi hewani kama kilivyo, na kiti kinacholia, na honi, na kila kitu.

Simu ilikuja kesho yake. Mke wa Stelingi hakupiga kelele.

"Shemeji, yule ni nani anayekohoa?"

"Ni yeye, shemeji."

"Anaumwa nini?"

Akamwambia. Upande wa pili mlango ukafungwa, kisha ikaja sauti ya mtu anayejaribu kulia bila kusikika kwenye nyumba ya watu.

Alivunja mkataba. Wenye nyumba wakamzungusha. Wakashikilia hati yake ya kusafiria mpaka wapate mtu mwingine wa kumtunza mama yao, na wiki zikapita hivyo. Siku aliyofika, Stelingi alikuwa hatoki tena kitandani.

Fundi alikuwa ameambiwa basi, na basi ikawa. Tangu kipindi kile Stelingi hakupokea simu yake. Fundi alienda nyumbani kwake kila alasiri baada ya kufunga duka, kwenye vyumba viwili walivyopanga, akakaa sebuleni kwenye kochi lililotazamana na pazia la chumba. Mwanzoni alipokewa na dada yake Stelingi, baadaye na mkewe. Pazia halikufunguliwa. Alasiri moja alisikia sauti ya mwenzake kutoka ndani, nyembamba, ikitoa neno moja moja.

"Mwambie Fundi. Duka lake. Halina mtu."

Mke akatoka kumwambia, akiona haya. Fundi akasema, "Nimesikia, shemeji," akakaa kidogo, akaondoka. Kesho yake akarudi. Akarudi mpaka alasiri aliyokuta viti vimetolewa nje na watu wamejaa.

Hawakuwahi kupatana. Watu humwambia Fundi kwamba Stelingi moyoni alikwisha msamehe, kwamba mgonjwa husema mengi. Fundi huwaitikia, maana wanasema kwa wema. Yeye anamjua Stelingi. Stelingi hakuwahi kukubali kushindwa ubishi wowote.

Msiba ulipokwisha, mke wa Stelingi alikuja dukani mchana mmoja. Fundi aliacha koti, akamfutia kiti. Alidhani amekuja kumshukuru. Watu walikuwa wakimwambia, bila wewe yule mama asingemuona mumewe, na yeye alikuwa ameanza kuliegemea neno hilo, maana lilikuwa ndilo pekee lililobaki la kuegemea.

"Nimekuja kukushukuru, shemeji," alisema kweli. "Ulinifanya nikaja."

"Usiseme hivyo."

"Acha niseme, kisha nikuulize." Aliweka simu yake juu ya meza ya kukatia. "Sina usingizi. Nasikiliza vipindi vyenu vyote, mwanzo mpaka mwisho, narudia. Kile cha mwisho, kikohozi kile hakikuanza siku ile. Kabla yake kilikuwa kinakwenda wapi?"

Fundi angeweza kusema kwamba aliombwa. Ilikuwa kweli. Lakini aliyemwomba hakuwapo kujitetea, na hakutaka kumtupia marehemu lawama.

"Nilikuwa nakikata."

Shemeji yake aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha jua. "Na kicheko cha wale wezi? Kipo mahali pawili. Kipo na kwenye kipindi cha zamani, na 'wewe!' yake ile ile. Mimi nimeishi na kicheko kile, shemeji. Hakitoki mara mbili namna moja."

"Ni mimi niliyekiweka."

"Kwa hiyo siku niliyosaini, alikuwa hawezi kucheka."

"Alikuwa hawezi."

 Shemeji yake alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, mikono ya kubeba na kuogesha wazee. Nje, gereji ilikuwa ikigonga bati la gari. Fundi alitaka shemeji yake apige kelele, amtukane, amvunjie cherehani; hilo angeliweza kulivumilia.

"Hebu niambie moja tu," alisema mke wa Stelingi. "Ningepanda ndege siku ile badala ya kusaini, ningemkutaje? Mimi nimemkuta hawezi kulitamka jina langu mpaka mwisho."

"Alikuwa anaongea, shemeji. Polepole, ila anaongea."

"Anatembea?"

"Anatembea. Ujumbe wako aliuleta hapa kwa miguu yake, kunisikilizisha."

"Kumbe alikuwa anatembea." Alichukua simu akaitia kwenye mkoba, akashindwa kuufunga, akauacha wazi. "Mimi na mume wangu hatujawahi kwenda sinema pamoja, unajua? Ujana wake wote alikwenda na wewe, na mimi nikasema tutakwenda, tutakwenda. Ningekuja siku ile, ningemwambia anipeleke."

 Fundi alivuta kiti kingine akakaa karibu naye, na shemeji yake akalia pale dukani, kwa sauti, na alipochoka akalia tena.